Kikombe kilichoonjwa hakirudi: vikombe vinane vya Ronald Fisher

Mwaka 1657 mwanahisabati Mholanzi Christiaan Huygens alikifunga kitabu chake cha michezo ya bahati kwa maswali matano, akamwachia msomaji ayajibu. La nne lilihusu vipande 12, vinne vyeupe na vinane vyeusi: mtu akichukua saba bila kutazama, kuna uwezekano gani apate vyeupe vitatu? Njia za kuchukua saba ni 792, na zinazotoa vyeupe vitatu kamili ni 280. Uwezekano ni 35 kwa 99. Hesabu hii, ambayo leo huitwa mgawanyo wa haipajiometri, ina sharti moja: kinachotolewa hakirudishwi, hivyo kila kinachotoka hubadilisha uwezekano wa kinachofuata. Sharti hilo lilizaliwa kwenye kamari, lakini uzito wake ulionekana pale watu walipotaka kupima ukweli wa dai.

Mtakwimu Ronald Fisher alijiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Mwenzake wa huko, Muriel Bristol, alidai kwamba kwa kuonja tu angejua kama kikombe kilitiwa chai kwanza au maziwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, Fisher aliligeuza dai kama hilo kuwa somo: vikombe vinane, vinne vya kila aina, vipangwe kwa bahati nasibu, na mwonjaji aambiwe idadi hiyo. Njia za kuchagua vinne ni 70, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Anayebahatisha ana nafasi 1 kwa 70 ya kupatia vyote.

Mtu atauliza: kumwambia idadi si kumpunguzia kazi? Ni kweli, lakini upungufu huo umo ndani ya hesabu. Kama aina ya kila kikombe ingeamuliwa kwa kurusha sarafu, kubahatisha vyote kungekuwa 1 kwa 256. Ila huenda vyote vingetokea vya aina moja, na mwonjaji asiwe na cha kulinganisha. Kwa vinne na vinne, akikosea kimoja cha chai kwanza lazima akosee na kimoja cha maziwa kwanza. Kufikia angalau hapo kwa kubahatisha ni 17 kwa 70, takriban asilimia 24, kwa hiyo ushahidi huo ni dhaifu. Mwenye kutaka kusamehe kosa moja la namna hiyo aongeze vikombe: kwa sita na sita, uwezekano huo hushuka hadi 37 kwa 924, asilimia 4.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mtakwimu George Barnard mwaka 1945. Hesabu ya Fisher ilikuwa imeanza kutumiwa kwenye majaribio ya aina nyingine, kama la wagonjwa waliopewa dawa na wasiopewa, ambako hakuna anayepanga mapema wangapi watapona. Kwa nini basi jumla hiyo ihesabiwe kana kwamba ilijulikana tangu mwanzo? Mjadala huo haukufungwa, na Barnard mwenyewe baadaye aliiacha njia aliyoipendekeza badala ya ile ya Fisher. Lakini pingamizi lake haligusi vikombe vya chai, kwa kuwa pale jumla zote ziliwekwa kabla ya onjo la kwanza. Linaonyesha kwamba nguvu ya hesabu hii hutoka kwenye mpango wa jaribio, na kwamba mtakwimu anayeitwa baada ya data kukusanywa huwa amechelewa.