Uzito kichwani mwa fimbo

Katika enzi za Wabelgiji, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, eneo lililochimba bati na metali ya wolframu. Wolframu ni nzito mno: ujazo uleule wake unakaribia mara mbili na nusu ya uzito wa chuma. Ndiyo maana mafundi wa gofu duniani waliipenda.

Safari ya kichwa cha fimbo ya kumalizia, ile inayosukuma mpira hadi shimoni, ilipitia metali nyepesi kabla ya wolframu. Mwaka 1904 Mmarekani Walter Travis alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kwa fimbo ya Schenectady, yenye kichwa cha alumini na mpini uliochomekwa karibu na katikati. Mwaka 1910 wakuu wa gofu wa Uingereza wakaipiga marufuku. Ulikuwa uamuzi wa woga, maana ubunifu ule ulikuwa na mantiki.

Mantiki hiyo aliifikisha mbali Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway, mwaka 1959 huko California. Alihamishia uzito kwenye ncha mbili za kichwa. Mpira ukigongwa pembeni kidogo, kichwa hakipindi sana, na mpira haupotezi njia.

Baadaye zikaja skrubu za wolframu zinazobadilishwa kwa bisibisi: nzito kwa uwanja wenye nyasi za polepole, nyepesi kwa wa kasi. Kanuni zinaruhusu, ila raundi ikishaanza mchezaji haruhusiwi kuzibadilisha.