Milima ya Ukaguru: Historia ya Nani?

Magharibi ya Rudewa, wilayani Kilosa, imesimama milima ya Ukaguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,200. Kada anayekwenda kukusanya historia yake hukuta masimulizi mawili yasiyopatana.

La kwanza ni la koo. Wazee husimulia kwamba mababu walihama kutoka mbali, na kila ukoo ukapata jina lake njiani na ardhi yake ulipofika. Ukoo hufuata upande wa mama. Ukoo wenye ardhi ndio uliofanya tambiko la kila mwaka ili mvua inyeshe na mashamba yazae. Katika simulizi hili hamna mfalme.

La pili ni la majalada ya serikali ya kikoloni: Wakaguru ni kabila moja chini ya mtawala mmoja wa Mamboya. Utawala huo ulitoka wapi? Tutazame uchumi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita Mamboya, na ukoo mmoja ukapata nguvu kwa kushirikiana na wafanyabiashara. Wajerumani, waliohitaji kodi na vibarua, wakaufanya kuwa mtawala wa wote. Waingereza wakauendeleza, hata hadithi ya uhamiaji ikasimuliwa kwa namna ya kuupa ukubwa. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963.

Je, basi tuyatupe majalada na kuwaamini wazee tu? Hapana. Ukoo unaosema "sisi tulifika kwanza" nao unadai ardhi. Na mashamba ya mkonge ya Rudewa yalileta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za nchi, ambao hawamo katika simulizi lolote kati ya hayo mawili.

Jambo hili si la vitabuni tu. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Penye uhaba wa ardhi na maji, historia ya "wenyeji" na "wageni" yaweza kugeuzwa silaha.

Kwa hiyo, ndugu mtafiti, sikiliza koo nyingi, si moja. Waulize akina mama, kwa kuwa ukoo hupita kwao. Muulize mkata mkonge na mfugaji pia. Kisha, kwa kila simulizi, uliza: nani anafaidika nalo? Hapo ndipo milima itakuwa na historia ya watu wake wote.