Kutathmini Mitawanyiko ya Zana za Mawe: Mfano wa Olorgesailie
Mwaka 1942 Louis na Mary Leakey walifika Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa kwa wingi juu ya ardhi iliyomomonyoka. Mengi yaliachwa yalipolala, na mwaka 1947 eneo likafunguliwa kwa wageni. Wingi na ukubwa wa mashoka hayo ndio uliolikinga. Je, eneo lenye vibanzi vidogo tu lingepewa hadhi hiyo? Nina shaka. Hata hivyo, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 kutoka bonde hilohilo yalitegemea zana ndogo zilizofukuliwa: za obsidiani, yaani kioo cha volkano, iliyoletwa kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 50, miaka ipatayo 300,000 iliyopita. Watafiti waliona humo dalili ya mahusiano kati ya makundi ya watu yaliyokaa mbalimbali.

Istilahi nazo zina uzito hapa. Mtathmini aandikaye "taka za uchongaji" amekwisha kuhukumu kabla ya kupima, "vibanzi" halihukumu. Jiwe likishaokotwa bila kumbukumbu, nafasi yake haijulikani tena. Kwa hiyo, kabla ya barabara kupita, aina ya kila jiwe na mahali hasa lilipolala viandikwe, hata pale pasipo na shoka moja.