Mpishi Asiyependa Jiko

Mara ya kwanza kusikia habari za Bruda Laurent nilikuwa kwenye semina moja ya kanisa, na nilimchukia hapo hapo. Mhubiri alikuwa anawaambia wasichana wa kazi za ndani, waliokaa mabenchi ya nyuma, kwamba zamani kulikuwa na mtawa mpishi huko Ufaransa ambaye kwake sufuria na altare vilikuwa kitu kimoja. Nao wakiosha vyombo kwa moyo kama wake, alisema, hawatakuwa na haja ya kunung'unika.

Mama yangu amepika kwenye jiko la shule ya bweni kwa miaka 22. Nayajua manung'uniko ya lile jiko, na najua yalikuwa na sababu. Mshahara ukichelewa miezi mitatu, hata kama Mungu yupo jikoni, dukani bado unadaiwa. Kwa hiyo kijitabu tulichogawiwa siku ile nilikitupa kwenye rafu, na kikakaa huko miaka.

Nilipokuja kukisoma, nilikisoma kama mwandishi wa habari, nikaanza na swali tunalofundishwa siku ya kwanza: nani anasema, na nani anaandika? Kumbe kitabu kile, kinachojulikana kama mazoezi ya uwepo wa Mungu, Laurent hakukiandika kama kitabu. Aliacha barua na maelekezo mafupi ya kiroho. Sehemu inayonukuliwa zaidi ni mazungumzo manne yaliyowekwa kwenye karatasi na padre mmoja, Joseph de Beaufort, ambaye baadaye alikuwa makamu wa askofu Louis-Antoine de Noailles. Sisi tungeyaita intavyu. Ya kwanza ina tarehe kabisa: 3 Agosti 1666.

Na mhojiwa ndiye aliyetoa masharti. Kama nia yako ni kumtumikia Mungu kweli, Laurent alimwambia Beaufort, njoo mara nyingi utakavyo bila kuogopa kunisumbua. Kama sivyo, usirudi tena. Nimewahoji wakubwa wengi kidogo. Masharti yao huwa ni picha ipigwe upande gani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Kwao ni Hériménil, kijiji kilicho karibu na mji wa Lunéville, Lorraine, na wakati ule Lorraine haikuwa sehemu ya Ufaransa. Ilikuwa nchi ndogo yenye mtawala wake, imebanwa kati ya mfalme wa Ufaransa na Dola la Ujerumani, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Wapiganapo tembo nyasi huumia, na Nicolas alikuwa nyasi. Alikwenda uaskari. Kikosi cha Wajerumani kilimkamata kikamshuku kuwa jasusi, wakamtishia kumnyonga. Aliongea nao kwa utulivu wa mtu ambaye kufa hakumtishi, wakamwachia. Baadaye alijeruhiwa katika mapigano ya Rambervillers, akabaki anachechemea mpaka anaingia kaburini.

Kabla ya yote hayo, akiwa na miaka 18, aliona mti. Hiyo ndiyo hadithi ya wongofu wake, nzima. Ilikuwa majira ya baridi, mti hauna jani hata moja, naye akawaza kwamba muda si mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Mtu aliyekulia Dodoma akauona mbuyu wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi. Sikusikia sauti kutoka mbinguni katika masimulizi haya, wala malaika, na labda ndiyo sababu nayaamini.

Uaskari ulipokwisha alifanya kazi ya utumishi wa ndani kwa bwana mmoja mwenye cheo cha mambo ya hazina. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa lijitu zito lisilo na mikono, linalovunja kila kitu. Mwaka 1640 aliingia kwa Wakarmeli Peku, mtaa wa Vaugirard, Paris, akitarajia kwamba huko angalau ataadhibiwa kwa ule uzembe wake na maisha yatakuwa msalaba mtupu. Alilalamika, kwa utani, kwamba Mungu alimdanganya, maana alichokikuta ni furaha.

Ila furaha hiyo haikuja mapema, na hapa ndipo mhubiri wangu wa semina alipotuficha. Kwanza, tuelewane kuhusu cheo. Katika nyumba ya watawa ya karne ile si kila mtawa alikuwa sawa. Wapo waliosoma Kilatini, wakawa mapadre, wakaimba sala kanisani. Na wapo mabruda wa kazi: jiko, bustani, ushonaji, mlango. Laurent alikuwa wa kundi hili la pili. Alipewa jiko na akakaa nalo miaka 15 hivi. Pili, na hili limeandikwa waziwazi na Beaufort, jiko hakulipenda. Lilikuwa kinyume kabisa na maumbile yake.

Tatu, miaka kama kumi ya mwanzo aliteseka sana ndani ya nafsi. Kwa miaka minne aliamini kabisa kwamba amehukumiwa kwenda motoni, na hapakuwa na mtu wa kumtoa kwenye imani hiyo. Alijaribu njia za kutafakari zilizokuwa zikifundishwa, akashindwa, akaziacha. Alichokuja kukiamua ni kitu cha ajabu kidogo. Aliacha kulijadili suala la motoni. Iwe ataokoka iwe atapotea, alisema, kazi yake ni kufanya kila kitu kwa kumpenda Mungu mpaka afe, na hilo moja angalau hakuna wa kumnyang'anya. Kutoka hapo ndipo inakuja ile habari maarufu ya kugeuza yai kwenye kikaango kwa mapendo, au kuokota unyasi sakafuni.

Nimerudia kurasa hizo mara nyingi. Zinasomwa leo kama ushauri wa kutuliza mawazo, pumua polepole na kadhalika. Lakini mtu huyu hakuwa anatafuta utulivu. Alikuwa mkimbizi wa hofu, mwanajeshi aliyeona kitanzi, kilema aliyepangiwa kazi ya kusimama mchana kutwa. Kuzungumza na Mungu katikati ya kelele za masufuria ilikuwa njia yake ya kubaki hai.

Na njia yenyewe haina siri. Unamkumbuka Mungu yupo, unasema naye maneno machache, unaendelea na vitunguu. Ukisahau, na utasahau, unakiri kwamba hivyo ndivyo ulivyo, kisha unarudi bila kujichapa viboko. Laurent alisema kujenga mazoea haya mwanzoni ni kazi ngumu. Kinachonigusa ni hapo penye kusahau. Mimi nikisahau sala siku mbili, ya tatu naona aibu kuanza, ya nne nimeshaacha. Yeye alilifupisha jambo lote kuwa kurudi tu.

Kuna kisa kimoja kinachoeleza zaidi ya mahubiri. Walimtuma kununua mvinyo Auvergne, na mwaka uliofuata Burgundy. Biashara hakuijua, na mguu ulikuwa mbovu kiasi kwamba ndani ya mashua hakuweza kusogea ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Alimwambia Mungu kwamba hiyo ni shughuli yake Yeye, akanunua, akarudi, na mambo yalikwenda vizuri. Mzee mtawa anajiviringisha juu ya mapipa ya mvinyo mtoni! Sijui kwa nini wachoraji wa picha za watakatifu hawajaona.

Alikufa 12 Februari 1691. Beaufort alichapisha barua na maelekezo mwaka uliofuata, kisha mazungumzo mwaka 1694. Wakati ulikuwa mbaya. Kanisa la Ufaransa lilikuwa linagombana juu ya mafundisho ya kumtulia Mungu bila kujitahidi, na Madame Guyon, mjane aliyekuwa akiyaandika, alifungwa mwishoni mwa 1695. Noailles, bosi wa Beaufort, alikuwa mmoja wa waliochunguza maandishi yake. Askofu Fénelon, ambaye aliwahi kumtembelea Laurent akamkuta mgonjwa sana na mchangamfu sana, alimtaja kama shahidi katika kutetea maisha ya kiroho ya namna hiyo. Mwaka 1699 Papa Innocent XII alizilaani hoja 23 za kitabu cha Fénelon. Laurent hakulaaniwa, ila nani angependa kuonekana na kitabu cha shahidi wa upande ulioshindwa? Ufaransa ya Kikatoliki ilimweka kando kwa muda mrefu.

Walioupokea urithi wake ni Waprotestanti. Pierre Poiret, mchungaji mzaliwa wa Metz, huko huko upande wa Lorraine, alimchapisha akiwa Uholanzi. Karne ya 18 John Wesley alimweka katika maktaba ya vitabu vya Kikristo aliyowakusanyia wahubiri na waumini wake Uingereza. Kwa hiyo mimi, kwenye benchi la kanisa la kilokole Dar es Salaam, nilihubiriwa mtawa wa Kikatoliki bila hata neno Katoliki kutajwa. Sidhani kama mhubiri alijua. Sidhani kama Laurent angejali.

Mwaka jana mama alistaafu. Jioni moja nilimsomea kitabu hicho, natafsiri nikienda, maana nakala yangu ni ya Kiingereza. Nilimsomea nikiwa na wasiwasi, kama mtu anayempelekea mgonjwa dawa ambayo mwenyewe haiamini. Nilipofika kwenye yai aliniuliza, "Yai moja?" Nikamwambia ndiyo, moja. Akacheka. "Sisi tulikuwa tunasonga ugali wa watoto mia tano."

Nikaendelea mpaka pale Beaufort anaposema jiko lilikuwa kinyume na maumbile yake. Hapo alininyamazisha kwa mkono.

"Alisema hivyo? Mwenyewe?"

"Alisema, mama."

"Basi huyo alikuwepo jikoni kweli."

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka 22 hakuwahi kulisema nyumbani: kwamba kila alipofunua pipa la maharage alfajiri alikuwa anataja majina yetu sisi watoto wanne, mmoja mmoja, mpaka mvuke uishe. Siku mishahara ilipokuwa haijaja alitaja na jina la mhasibu. "Kwa hasira," alisema, "lakini nilimtaja."

Aliuliza Laurent alimalizia wapi kazi. Nikamwambia mguu ulipozidi walimtoa jikoni, wakampa kutengeneza kandambili za watawa, kazi ya kukaa. Akatikisa kichwa, akasema angalau. Kisha akataka nimrudie pale anapovunja vyombo.