Seli za Kinga na Saitokini katika Saratani ya Thairoidi, pamoja na Habari za Rovu la Kongo

Thairoidi, ndiyo tezi iliyokaa mbele ya koo chini ya kikoromeo, hutengeneza homoni zake kwa iodini itokayo katika chakula. Nayo ikipatwa na saratani, uvimbe wake hauwi wa seli mbovu peke yake, bali huwa umechanganyika na seli za kinga za namna nyingi, pamoja na saitokini, yaani protini ndogondogo ambazo seli hupelekeana kama barua. Katika Afrika ya Kati habari hii haitenganiki na ile ya rovu, yaani uvimbe wa tezi hii usio saratani, kwa sababu somo moja lililo wazi kabisa kuhusu madhara ya seli za kinga ndani ya tezi hii lilianzia kwa wagonjwa wa Kongo.

Aina

Saratani ya papilari ndiyo nyingi kuliko zote, nayo huwapata wanawake takriban mara tatu ya wanaume. Hufuata folikula, kisha medulari, na mwisho anaplastiki, iliyo adimu lakini kali mno, ambayo aghalabu humwua mgonjwa kabla ya mwaka kutimia. Mahali ambapo iodini ni haba, fungu la folikula na anaplastiki huwa kubwa zaidi, na hiyo anaplastiki mara nyingi huzuka katika rovu lililokaa miaka mingi.

Rovu la Idjwi na Ubangi

Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kiligeuka tangu miaka ya 1960 kuwa madrasa ya maradhi haya. Mwaka 1968 Delange, Thilly na Ermans, wataalamu wa Kibelgiji, walitangaza jambo lililowashangaza wengi, kwamba iodini ilikuwa haba kisiwani kote, ilhali rovu lilijaa upande wa kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Jawabu lilipatikana chunguni mwa watu wa kaskazini. Muhogo mchungu usiporowekwa na kuanikwa sawasawa hubaki na sumu ya sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thiosianati, na thiosianati huizuia iodini isiingie tezini; basi mtu mwenye iodini kidogo, akila muhogo huo kila siku, hunyang'anywa hata hicho kidogo alicho nacho.

Huko Ubangi, kaskazini ya Kongo, mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani walikuwako watoto waliodumaa kimo na akili ambao tezi zao hazikuvimba hata kidogo, bali zilisinyaa zikawa nyuzinyuzi tupu. Vanderpas na wenziwe walidhihirisha mwaka 1990 kwamba watu wa huko walipungukiwa pia na seleni, madini ambayo mwili huyahitaji ili kuivunja haidrojeni peroksaidi. Na peroksaidi hiyo ndiyo tezi huitumia kuunda homoni, huitoa kwa wingi zaidi kila inaposukumwa kufanya kazi kwa nguvu, na ikikosa wa kuivunja huziunguza seli zenyewe. Mwaka uliofuata Contempré na wenziwe walitoa onyo lenye thamani kubwa, kuwa kumpa seleni mtu aliyekosa iodini, kabla ya kumpa iodini yenyewe, huzidi kumshusha homoni.

Ndipo likaja swali la nani afumaye nyuzi hizo. Katika makala ya mwaka 1996 Contempré, Le Moine, Dumont, Denef na Many walieleza habari za panya walionyimwa seleni: seli za tezi zikifa, makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kula mizoga ya seli, huingia kwa wingi na kutoa saitokini iitwayo TGF-beta, ambayo huzuia seli mpya za tezi zisizaliwe na huamuru nyuzi zifumwe mahali pake. Saitokini hiyo ilipozuiwa kwa kingamwili, ufumaji nao ukapungua. Fundi aliyeletwa kutengeneza nyumba ndiye aliyeziba milango yake.

Katika saratani

Makrofaji hizo na TGF-beta iyo hiyo huonekana tena ndani ya uvimbe wa saratani. Katika anaplastiki makrofaji zaweza kufika nusu ya seli zote za uvimbe, na kadiri zinavyozidi ndivyo hali ya mgonjwa inavyokuwa mbaya. TGF-beta na saitokini nyingine, interlukini-10, huzilaza limfosaiti T, seli za kinga ambazo zingeishambulia saratani, na limfosaiti T za kudhibiti huongeza usingizi huo; interlukini-6 na interlukini-8 nazo huchochea seli za saratani zikue na kusambaa.

Walakini si kila seli ya kinga ni adui. Maradhi aliyoyaeleza tabibu Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912, ambamo limfosaiti hujaa tezini, hukutwa mara kwa mara pamoja na papilari, na papilari ya namna hiyo aghalabu huwa pole.

Tiba

Upasuaji, na iodini yenye mnururisho. Dawa za kuiamsha kinga zinajaribiwa katika anaplastiki.

Maniema ya kusini

Watu wa Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, nchi ya mpunga na ya Kiswahili tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, hula pia bukari (ugali) ya muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, vyakula visivyo na dhara muhogo ukirowekwa vema na sombe ikitwangwa na kuchemshwa sana. 

Chumvi yenye iodini imeenea Kongo tangu miaka ya 1990, na rovu limepungua. Ila wazee waliolipata kabla ya hapo wangali nalo shingoni, na rovu la kale likianza kukua kwa ghafula, au kuibadili sauti ya mtu, lapasa kuonyeshwa tabibu siku hiyo hiyo.