Wasia wa Wazee kwa Vijana wa Vita, Tarime na Serengeti

Maafisa wa Kiingereza walioitawala wilaya ya Mara Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Tarime, waliitakidi kwamba Wakurya wameumbwa kwa ajili ya vita, na kwa itikadi hiyo wakawaandika vijana wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Nadhani walikosea chanzo, maana ushujaa ule haukukaa katika damu. Ulitokana na yale ambayo vijana waliambiwa na wakubwa wao tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe.

Jando lilifanywa kwa idhini ya inchama, baraza la siri la wazee, ambao kwanza waliangalia kama nchi ina salama. Zikionekana ishara mbaya, liliahirishwa. Siku ikifika, mvulana alisimama wima mbele ya ngariba, kope zisipepese, huku wanaume wa nyumba yake, silaha mikononi, wakimpigia makelele asiwatie aibu waliomtangulia. Na aliyelia alifedhehesha ukoo mzima, wala fedheha hiyo haikusahaulika upesi. Waliotahiriwa pamoja wakawa esaro, rika moja lenye jina lake. Huko Serengeti, kwa Waikoma, Wanata na Waisenye, marika yalipata uzito zaidi mwishoni mwa karne ya 19, baada ya njaa, maradhi na mashambulio ya Wamasai, hata nchi yenyewe ikagawanywa kwa rika, kila moja likakaa na kulinda upande wake.

Lakini wazee waliomchochea kijana ndio hao hao waliomzuia. Kwenda kuteka ng'ombe wa ikiaro kingine, yaani ukoo mkubwa wenye nchi yake, kulimpa sifa. Kumwaga damu ndani ya ikiaro chake kulikuwa najisi, na laana ya inchama iliogopwa kuliko mkuki.

Jeshini mwalimu akawa sajini. Mfano mashuhuri ni wa jirani yao wa Butiama, David Musuguri, aliyeingia jeshini mwaka 1942, na kufikia 1947 akawa sajini mkufunzi huko Kahawa, Kenya, ambako miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Idi Amin wa Uganda. Na mwaka 1979 ni Musuguri huyo aliyeongoza Divisheni ya 20 ya jeshi la Tanzania iliyoingia Uganda na kumng'oa mwanafunzi wake. Mkufunzi na mwanafunzi, gwaride moja, na tazama walivyoachana! Amri ya gwaride humfundisha kijana kutii na kupiga. Habari ya nani asipigwe aghalabu huwa ameisikia nyumbani, au hakuisikia kabisa.

Baada ya vita hivyo vya Uganda bunduki zilienea Mara, na utekaji wa ng'ombe, uliokuwa sifa ya rika, ukageuka biashara ya kuvusha mifugo mpaka Kenya, ambayo mwenye mali na silaha aliweza kuiendesha bila kumwuliza mzee yeyote. Sungusungu, walinzi wa jadi waliotokea Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipofika Tarime walijaribu kurudisha adabu kwa viboko na faini, wakafaulu hapa na kushindwa pale.

Na koo za Kikurya za Wanchari na Warenchoka zilipopigana, askari polisi peke yao hawakutosha. Serikali ililazimika kuwaendea wazee wa mila wa pande zote mbili, wakae na vijana wao, waseme nao.