Mazda RX-7 (kizazi cha tatu)

Mazda RX-7 ya kizazi cha tatu, maarufu kwa msimbo FD, ni gari la michezo lililoundwa Japani kuanzia 1991 hadi 2002. Injini yake, 13B-REW, ni ya rota, aina iliyoasisiwa na Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni wala valvu. Rota mbili za pembetatu huzunguka ndani ya ujazo wa sentimita mchemraba 1,308 tu. Tabo zake mbili hupokezana: ya kwanza husukuma hewa injini ikizunguka polepole, ya pili hujiunga kasi ikipanda. Kwa soko la Japani, nguvu ilianzia farasi 255 ikafikia 280.

Udhaifu wake mkuu ni sili za ncha za rota. Injini hujichomea oili kidogo kwa makusudi ili kuzilainisha, hivyo mwenye gari makini hachoki kuchungulia kijiti cha oili. Mnunuzi naye adai kipimo cha mgandamizo kinachosoma nyuso zote tatu za kila rota. Geji ya kawaida huonyesha uso ulio bora na kuficha mbovu.

Marekebisho mengi huanzia kwenye ekzosi, na hapo ndipo injini nyingi hufia. Ekzosi ikipanuliwa, shinikizo la tabo hupanda kupita kiasi, petroli haitoshi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na sili huvunjika. Busara ni kutanguliza rejeta kubwa na kompyuta ya injini inayopangika. Wengine hufunga tabo moja kubwa badala ya mbili ili kuondokana na msitu wa mipira ya vakyumu inayoziongoza. Lakini hupoteza mvuto wa kasi ndogo, jambo ambalo wauza vipuri hulisema kwa sauti ya chini.